Kuvika mfupa wa kale koti la plasta: zoezi la kufanyia Mombasa kabla ya kwenda Koobi Fora

Katika matabaka ya Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, hatari kubwa kwa mfupa ni pale unapoinuliwa. Chukua taya la Deinotherium, mnyama wa jamaa ya ndovu ambaye pembe zake zilitoka kwenye taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Taya kama hilo likikaa ardhini miaka milioni 2, limejaa nyufa, na kinacholishika ni mchanga uliolizunguka. Ukilivuta, utabaki na vigae mkononi. Kwa hiyo mfupa hutolewa pamoja na mchanga wake, ukiwa umefungwa ndani ya koti la plasta. Kazi hii yataka mazoezi, na ni bora kukosea kwenye taya la mbuzi.

Usitafute mifupa ya zoezi kwenye mawe ya Mombasa. Jiwe la kisiwani ni tumbawe la miaka kama 125,000, lenye makombe ya bahari; miamba ya udongo ya upande wa Changamwe ni ya enzi ya Jura, mamilioni ya miaka kabla ya ndovu. Isitoshe, kuchimba masalia ya kale Kenya bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Ukikutana na mfupa uliogeuka jiwe popote pale, uache ulipo, upige picha, kisha uwajulishe watu wa makavazi. Kwa Mombasa, nenda Fort Jesus.

Nunua taya kwa muuza supu ya kichwa, lichemshe, likaushe, kisha lizungushie kitambaa na ulipige nyundo mahali kama patatu. Bila nyufa hizo zoezi halina maana. Changanya mchanga mafungu matatu na udongo mwekundu fungu moja, tia maji kidogo, ulifukie taya kwenye karai na uliache kivulini wiki nzima. Hewa ya pwani ina unyevu, hivyo usiharakishe.

Plasta ya Paris kilo 5 inatosha. Fungua mfuko dukani ukiweza: plasta iliyonyonya unyevu huwa na madonge na haigandi sawasawa. Gunia liwe la katani au juti, kwa sababu la nailoni halinyonyi. Likate vipande vya sentimita 10 kwa 50, uviloweke na kuvikamua. Kipande kikavu kitaifyonza plasta maji yake kabla hujakilaza.

Fukua kwa brashi na kijiti hadi uuone mgongo wa mfupa, kisha acha. Wengi huendelea kusafisha hapo kwa hamu ya kuuona wote, na hapo ndipo vipande hudondoka. Chimba mfereji kuuzunguka, ukibakisha mchanga wa sentimita 5 kila upande, na uchonge chini hadi bonge lisimame kama uyoga. Penye nyufa, dondosha Paraloid B-72, gundi ya akriliki ya kuimarisha mifupa, gramu 5 kwa mililita 100 za asetoni safi, mbali na moto. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha haifai, ina mafuta. Mfupa ukiwa na maji, Paraloid huacha utando mweupe. Gundi kali za dukani ziache, maana humtesa fundi wa maabara baadaye.

Sasa funika kwa karatasi ya choo iliyoloweshwa, tabaka tano au sita, ukiibonyeza kwa brashi iingie kila shimo. Hatua hii hudharauliwa sana, nayo ndiyo inayozuia plasta isiung'ate mfupa.

Mimina plasta ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya plasta, fungu mbili kwa moja la maji kwa ujazo, hadi uji wake uwe kama mtindi mzito. Tumia maji baridi ya bomba. Ya bahari hugandisha upesi mno. Una kama dakika kumi. Chovya vipande vya gunia kwenye plasta. Anza na ukanda wa kuzunguka kiunoni mwa bonge, ukunje chini ya ukingo, halafu pitisha vipande juu, kila kimoja kikilalia nusu ya mwenzake. Tabaka tatu zinatosha kwa taya la mbuzi. Bonge linalozidi sentimita 60 lifungie ubao. Plasta hupata moto ikiganda, usiache mkono ndani yake.

Kabla ya kupindua, andika juu ya koti namba, tarehe, mahali kamili kwa GPS, mshale wa kaskazini na upande wa juu. Usiseme utakumbuka. Mwaka 1970 jivu la volkano la Koobi Fora liitwalo KBS lilipewa umri wa miaka milioni 2.6. Meno ya nguruwe-mwitu wa kale, yaliyojulikana yametoka juu au chini ya jivu hilo na kulinganishwa na ya bonde la Omo, Ethiopia, lenye matabaka ya umri unaojulikana, yalionyesha kuwa jivu ni changa zaidi. Vipimo vya baadaye vikatoa milioni 1.87. Jino lisilojulikana tabaka lake lisingesaidia chochote hapo.

Koti likipoa na kulia kama chungu ukiligonga, punguza shina la uyoga, kisha lipindue kwa mkupuo mmoja. Bonge la sentimita 50 kwa 40 kwa 20 ni lita 40, yaani kama kilo 80 za mchanga, kwa hiyo muwe watu wanne. Punguza mchanga wa chini, weka karatasi, funga kwa plasta.

Kesho yake likate ulikague. Mchanga ukimwagika wakati wa kupindua, ukingo haukukunjwa chini vya kutosha. Plasta ikiwa imeshika jino, karatasi ilikuwa chache. Nyufa zikiwa zimepanuka, bonge lilicheza ndani, maana yake vipande vya kwanza havikubanwa.