Paka jike analia usiku kucha? Soma hii kabla hujamfungulia mlango

Kama una paka jike hajafungwa kizazi na ghafla ameanza kulia usiku kucha, anajisugua kwa kila mtu hadi mgeni, anagaagaa sakafuni na chakula anakinusa tu, basi haumwi wala hajatumwa na mtu (najua majirani washaanza maneno), yuko kwenye joto, yaani anataka dume. Mjaribu hivi: pitisha kiganja mgongoni taratibu ukishuka mpaka karibu na mkia. Akilaza kifua chini, akanyanyua makalio, mkia akauweka pembeni na miguu ya nyuma ikaanza kukanyagakanyaga palepale, hapo hakuna cha kuuliza tena. Wengine wanaanza wakiwa na miezi minne tu, we unaona bado mtoto kumbe mwenzio kashakua.

Wengi wanasema aah, itapita. Itapita kweli, mara nyingi ni kama wiki hivi, ila asipopandwa, wiki mbili tatu mbele anaanza upya. Na sisi wa karibu na ikweta ndo tumepatikana, maana mzunguko wa paka unafuata mwanga wa jua, nchi za mbali huko mchana ukiwa mfupi wanapumzika miezi kadhaa, huku mchana ni kama masaa 12 mwaka mzima kwa hiyo hakuna likizo.

Sasa cha kufanya wiki hii. Kwanza milango na madirisha, hapo ndo kwenye kazi yote. Nondo hazizuii paka, na wavu wa mbu atauchana na kucha dakika mbili, so madirisha ya chini funga kabisa na pazia shusha, asilione shume lililokaa ukutani linamsubiri. Angalia na tundu la dari kama lipo. Waambie watoto na dada wa kazi, kwa sababu paka huwa anatoroka pale mtu anapofungua mlango kupokea maji au mkaa. Na kama una kaka yake ndani usijidanganye eti ni ndugu, atampanda tu, watenganishe vyumba. Hata dume aliyehasiwa juzijuzi bado anaweza kumpa mimba kwa wiki kadhaa.

Kelele huwezi kuzimaliza, unaweza kuzipunguza. Mchezeshe na kamba jioni mpaka achoke, mpe chakula usiku ukikaribia kulala, muweke chumba chenye giza na kimya. Beseni la mchanga lisafishe kila siku maana kipindi hiki anaweza kukojoa hovyo, hata ukutani. Mashume nayo yatakuja kukojolea mlangoni kwako, osha kwa sabuni halafu pitisha siki iliyochanganywa na maji, jiki achana nayo, ikikutana na mkojo inatoa hewa mbaya. Kumpiga au kummwagia maji hakusaidii chochote, hajiendeshi mwenyewe huyo.

Sasa vidonge. Jamani, vidonge vya majira (vya uzazi wa mpango) vya binadamu usimpe paka, wala sindano ya miezi mitatu. Homoni hizo zinaweza kumletea usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti. Panadol ndo kabisa, inaua paka. Na wale wanaofundishana kumwingizia kijiti cha pamba ili atulie, waacheni, mnamuumiza na kumpa maambukizi.

Ukiona damu au usaha unatoka nyuma, hiyo sio joto, paka hatoki damu kama mbwa. Au wiki chache baada ya joto anakunywa maji sana, hali, tumbo linajaa, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Dawa ya kweli ni kumfunga kizazi. Madaktari wengi wa mifugo wanapenda joto lishuke kwanza kwa sababu sasa hivi mishipa ya kizazi imejaa damu, sasa hapo ndo watu wanapokosea, akinyamaza wanasahau, halafu anaanza tena. Piga simu wakati bado analia, panga tarehe. Uliza bei kwa zaidi ya mmoja, uliza kama anapigwa nusu kaputi kamili na dawa ya maumivu ipo, na aache kula saa ngapi. Walio Morogoro kuna hospitali ya wanyama pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), wengine anzieni ofisi ya mifugo ya halmashauri.

Na kama alishatoroka akarudi na alama za meno shingoni, hesabu kama miezi miwili utakuwa na vitoto, na vinaweza kuwa na baba tofauti tumbo hilohilo moja. Mwambie daktari mapema, mimba ikiwa changa bado anaweza kumfunga. Ulizia na chanjo ya kichaa hapohapo, maana huko nje hujui kang'atana na nani.