Somo: Kumvua kolekole kwa fimbo na chambo cha manyoya, pwani ya Mtwara

Hili ndilo somo nililowaahidi tangu kaskazi iliyopita. Wengi mlioniuliza ni wavuvi wa mshipi wa mkono, watu mliozaliwa juu ya maji, kwa hiyo sitapoteza muda kuwaeleza samaki anakula nini. Nina mambo mawili ya kufundisha: namna ya kurusha chambo kisicho na uzito wowote, na namna ya kumnasa samaki bila kuinua fimbo. La kwanza ni geni kwetu. La pili mnalo tayari mikononi, na nawaomba sana msikubali mtu awanyang'anye.

Chambo chenyewe wageni wanakiita flai. Ni ndoana iliyofungwa manyoya na nywele mpaka ionekane majini kama dagaa au mkizi mdogo. Sisi si wageni nacho kabisa. Wazee wa kurambaza wamevuta nguru na sehewa miaka na miaka kwa ndoana yenye manyoya meupe ya kuku au nyuzi za kamba iliyochambuliwa. Tofauti ni kwamba kule chombo ndicho kinachokivuta chambo, huku ni mkono wako.

Hatua ya 1: Jua uzito uko wapi

Kwenye mshipi wa mkono uzito uko kwenye chubwi. Unazungusha, unaachia, chubwi linaruka, mshipi unalifuata. Chambo cha manyoya ukikirusha hivyo kinaanguka miguuni pako. Ndiyo maana uzito umehamishiwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umevikwa plastiki nje. Mita 9 za mwanzo za mshipi namba 12 (namba ndiyo kipimo cha uzito wa mshipi) zina uzito wa gramu 25 hivi. Chukua basi chubwi la gramu 25, liyeyushe, ulipake lote kwenye uzi wa mita 9: huo ndio mshipi tunaouzungumzia. Unarusha mshipi, chambo kinabebwa. Mtu akilielewa hili siku ya kwanza, anaokoa miezi miwili ya kujichosha bega.

Hatua ya 2: Vifaa

Namba ya fimbo na namba ya mshipi lazima zilingane. Kwa kolekole mkubwa ni namba 12, urefu futi 9. Kwa kolekole wadogo na sehewa, namba 8 au 9 inatosha, na kwa kujifunzia ni bora zaidi maana haichoshi.

Rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ndiyo pa kutolea pesa. Breki yake iwe imefungwa vizuri isiingie maji ya chumvi, na chini ya mshipi mnene iweze kubeba mita 250 au zaidi za mshipi wa akiba, mwembamba, wa kuhimili mvuto wa ratili 50 kwenda juu. Mbele ya mshipi mnene funga nailoni ya ratili 80 hadi 130, urefu mita mbili hivi. Ukiwalenga nguru au mzia, ongeza waya wa shubiri moja kabla ya chambo, maana meno yao hayajadiliani na nailoni. Jioni osha kila kitu kwa maji baridi ya bomba. Kila kitu, hata pete za fimbo.

Hatua ya 3: Funga chambo mwenyewe

Hapa ndipo ninapokaa usiku kucha nikiachiwa. Shika ndoana namba 6/0 au 8/0 kwenye jiliwa dogo, au mwombe mtu akushikie kwa koleo. Anza uzi karibu na mpindo. Chukua manyoya ya shingo ya jogoo, yale marefu membamba yanayong'aa, sita au manane, uyagawe mafungu mawili. Angalia kila unyoya: una upande uliobonyea kidogo. Funga mafungu yakitazamana kwa pande hizo za ndani, ili mkia usimame kama kisu wala usijifungue kama mwavuli. Kisha songa mbele, zungusha nywele ndefu za mkia wa mbuzi juu na chini, ukiziacha zifunike chuma chote cha ndoana. Fungu dogo tu kila mara. Nywele nyingi zinanyonya maji, chambo kinakuwa kitambaa kilicholowa na hakirushiki. Maliza kwa mafundo matano ya kubana, tia gundi kichwani, bandika macho. Samaki wakubwa hupenda kulenga jicho.

Urefu wa shubiri moja unafaa. Juu rangi ya kijivu au kijani, chini nyeupe. Mwisho chukua koleo, bana kile kijino cha ndani cha ndoana kilale kabisa. Utashukuru siku itakapokuingia wewe.

Hatua ya 4: Jifunze mchangani

Maji yakiwa makavu nenda Msangamkuu, au ufuko wowote usio na watu nyuma yako. Funga kipande cha kitambaa badala ya ndoana. Toa mita 10 za mshipi zilale mchangani. Inua fimbo polepole, ongeza kasi, simamisha ghafla ikiwa imepita kichwa kidogo. Sasa subiri. Mshipi unaruka nyuma yako na lazima unyooke wote kabla hujarudisha mbele. Wavuvi wetu wote niliowafundisha wanakosea hapa, kwa sababu chubwi halisubiriwi. Geuza shingo uangalie, hakuna aibu. Ukizoea, mkono wa kushoto nao uvute mshipi kidogo fimbo inapoongeza kasi, mbele na nyuma. Mvuto huo ndio unaokata upepo. Ukifikisha mita 20 kwa uhakika, unaweza kumvua samaki yeyote.

Kusi linataka tahadhari. Ukisimama ufukweni ukitazama mashariki na unarushia mkono wa kulia, kusi linakuja mbele kulia kwako na kuisukuma ndoana kwenye shingo na sikio. Basi ipe bahari mgongo, rusha kuelekea nchi kavu, na chambo ukiachie kwenye mrusho wa nyuma. Upepo utakichukua mbali na mwili wako.

Hatua ya 5: Maji na mahali

Pwani yetu imebarikiwa kwa sababu moja kubwa. Mkondo wa Ikweta Kusini unavuka bahari nzima ya Hindi kutoka mashariki, unapiga ukanda huu wa Mtwara na kaskazini mwa Msumbiji, kisha unagawanyika, nusu kaskazini, nusu kusini. Na kina kiko karibu. Ukisimama Ruvula, upande wa Msimbati, unaona rangi ya maji ikibadilika kuwa buluu nzito mahali ambapo kwingine ungetembea bado maji ya magoti.

Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Maji hayo yote yanapita kwenye milango ya miamba, na kolekole hukaa pale kama mtoza ushuru, akisubiri wadogo wasukumwe mdomoni. Mimi napenda saa mbili za mwanzo za maji kujaa. Maji mafu siendi, labda kwa kujifunza tu.

Tafuteni dalili. Tunasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, lakini mkizi anayerukaruka karibu na mwamba mara nyingi hana hasira, anakimbizwa. Rusha mbele ya kundi, si katikati. Taa naye ni dalili: akifukua mchanga kwenye maji mafupi, kolekole humfuata nyuma kuokota anachofumua. Palipopigwa baruti, mwamba umebaki kokoto, msipoteze asubuhi yenu.

Hatua ya 6: Mkono

Chambo kimeanguka. Fimbo ielekeze kwenye maji, ncha ikigusa uso wa bahari, na uvute mshipi kwa mkono, mvuto mrefu, mrefu, mrefu. Kolekole akitokea nyuma ya chambo, usipunguze. Hakuna samaki mdogo anayesimama kumsubiri kolekole. Ongeza kasi, ikibidi bana fimbo kwapani uvute kwa mikono miwili kwa kupokezana. Atakuja mgongo nje, maji yamegawanyika pande mbili, na moyo wako utataka kuinua fimbo.

Usiinue. Wale waliozoea trauti wa mito ya baridi, kama ya milimani Kenya, wananasa kwa kuinua fimbo juu. Mdomo wa kolekole ni mgumu, na fimbo ikiinuka inapinda na kuumeza mvuto wote. Ndoana haiingii. Wewe endelea kuvuta mshipi mpaka uhisi uzito, kisha vuta tena kwa nguvu, mara mbili au tatu, fimbo ikiwa bado chini. Ni uleule mkono unaomnasa changu kwenye dau usiku bila kumwona. Nimekaa boti moja na wageni wenye miaka thelathini ya fimbo wakimkosa samaki huyohuyo mara tatu, na kijana wa Mikindani aliyefundishwa wiki mbili akamnasa mara ya kwanza.

Akishanaswa, macho yahamie kwenye mshipi uliolala miguuni. Kolekole wangu mkubwa wa kwanza aliondoka, na duara moja la mshipi likakizunguka kidole changu kidogo cha kushoto. Nilisikia joto, sikusikia maumivu. Nailoni ilikatika, kidole kilikuwa wazi hadi kwenye mfupa, na kovu lake naligusa ninapoandika. Tangu siku hiyo nafunga beseni la plastiki kiunoni kwa mkanda na mshipi wote ninaouvuta unadondokea humo. Vidole viwili navifunga plasta.

Hatua ya 7: Kumleta

Breki iwe imekazwa tangu mwanzo kiasi kwamba ukivuta kwa mkono unakunja uso. Atakimbilia mwamba, na sekunde hizo kumi ndizo zenye kazi. Fimbo chini, ivute kwa ubavu, kinyume na anakoelekea. Fimbo ikisimama wima inavunjika.

Akifika, mshike mkiani, mwache tumbo liwe majini, toa ndoana. Mwelekeze kichwa kwenye mkondo mpaka apige mkia mwenyewe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kilwa Masoko: Nahodha, somo zuri, lakini nimwachie samaki wa kilo 30 na nyumbani watoto wanasubiri kitoweo?

Kaka, swali lako ni la haki na sitakujibu kwa maneno matamu. Mimi pia nala kolekole, na mama watoto anampika kwa nazi. Ninayemla ni wa kati. Kolekole huyu hukomaa akifikia sentimita 60 hivi, akiwa na miaka mitatu na kitu, na anaweza kupita mita moja na nusu na kilo 80. Yule mkubwa ndiye mwenye mayai mengi. Na akivuliwa na mgeni, boti imelipwa, nahodha amelipwa, na mwezi ujao anaweza kulipiwa tena. Kama siku hiyo hakuna kitu ndani, mchukue, na usimwombe mtu radhi.

Mwanachama, Mchinga: Sina mashine, nina ngalawa ya tanga. Naweza?

Unaweza, na ngalawa haina kelele. Shusha tanga kabla ya kurusha, maana kamba zote ni mtego wa mshipi mnene. Funika kwa gunia lililoloweshwa misumari na kila kitu kinachochomoza. Anayerusha akae mbele, mwenzake nyuma na kafi, na wakubaliane nani anarusha upande gani.

Mwanachama, Shangani: Shikamoo kaka. Mimi nafunga vyambo nyumbani niwauzie. Manyoya ya kuku wa kisasa yanafaa?

Marahaba dada. Ya kuku wa nyama hapana, ni mafupi na laini, yanajikunja. Tafuta jogoo wa kienyeji aliyekomaa, ngozi ya shingo ikaushwe kivulini na chumvi. Kwa wachinjaji sokoni utazipata kwa bei ndogo. Vyako nitavijaribu mimi mwenyewe.

Mwanachama, Lindi: Na nduaro je? Anavuliwa kwa manyoya?

Anavuliwa, ila hapo mtu mmoja hatoshi. Mmoja anavuta nyuma ya boti kipande cha tumbo la samaki kilichoshonwa vizuri, bila ndoana. Nduaro anakuja kukipiga kwa upanga wake, ananyang'anywa, anarudi na hasira, rangi imemwaka ubavuni. Anasogezwa hivyo mpaka mita 10 au 12. Mashine inatolewa gia, kipande kinanyakuliwa majini, na palepale chambo cha manyoya kinaanguka nyuma yake kidogo, ili ageuke kukichukua. Akigeuka, ndoana inaingia pembeni mwa mdomo. Akija moja kwa moja, mara nyingi inateleza.

Mwanachama, Mtwara Mikindani: Msimbati naweza kwenda tu na fimbo yangu?

Usiende hivyo. Kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na imegawanywa: kuna maeneo ya matumizi ya kawaida na kuna kiini ambako hakuna kuvua kabisa. Pitia ofisi ya hifadhi kwanza, uliza kibali na ada za sasa, na waombe wakuonyeshe mipaka kwenye ramani. Kisha pita kwa watu wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa ufukwe, pale kijijini, uwasalimie, uwaambie unavua nini na kwa nini unamwachia. Mimi wao ndio walionionyesha mlango ninaovulia mpaka leo.