Uyole hadi Iringa kwa pikipiki, baada ya miaka 20 ya kupanda kosta

Mwaka 1991 nilikabidhiwa Yamaha DT 125 nikiwa bibi shamba kule Makete, na kwa miaka 12 sikujua usafiri mwingine. Kisha nikahamishiwa ofisini, pikipiki akapewa mwenzangu, nami nikawa abiria wa kosta kama watu wote. Nilipostaafu kwa hiari na kiinua mgongo kikaingia, watoto walitarajia ninunue ng'ombe wawili. Nilinunua ng'ombe mmoja na Boxer 150.

Safari niliyoitaka ilikuwa moja: kutoka kwangu Uyole, Mbeya, hadi kwa dada yangu Tosamaganga, Iringa. Ni zaidi ya kilomita 300, karibu zote lami ya barabara kuu ya malori. Nilidhani ningeondoka baada ya wiki mbili. Nilijiandaa miezi mitatu, na nawaandikia nyinyi mnaorudia usukani mkiwa na mvi ili mjue miezi hiyo ilikwenda wapi. Kichwa hakisahau pikipiki. Gia, klachi, namna ya kulala kwenye kona, vyote nilivikuta pale pale nilipoviacha. Ila kichwa hicho kilikuwa kinatoa amri kwa mikono ya mwaka 1991, na mikono hiyo haipo tena.

Uwanja wa shule, ndala nane

Nilianzia uwanja wa shule ya msingi ya jirani, siku za Jumamosi, watoto wakiwa bado wamelala. Nilipanga ndala za nyumba nzima, nane, hatua tano tano, nikawa napita katikati yake kwa gia ya kwanza na ya pili. Siku ya kwanza nilikanyaga tatu. Sababu ni kwamba nilikuwa nazitazama. Pikipiki huenda yalipo macho: ukilitazama shimo utaliingia, ukitazama nafasi iliyo kando ya shimo utapita. Nilirudia mpaka nikaweza kupita zote nane nikitazama goli la mbali.

Breki ndiyo iliyonichukua muda zaidi. Kwenye tope la Makete tulizoea ya nyuma, ya mbele tuliiogopa. Kwenye lami kavu mambo ni kinyume: ya mbele ndiyo inayosimamisha, ya nyuma inasaidia. Ukikanyaga ya nyuma peke yake kwa nguvu, tairi linaserereka na bado unaendelea kwenda. Bana ya mbele kama unavyokamua ng'ombe, unaanza taratibu na kuongeza, hukwapui. Kwenye kokoto, mchanga na lami yenye oili ipunguzie kazi. Nilipiga alama ya chokaa, nikaifikia kwa spidi 40, nikapima kwa hatua nilisimama wapi. Mara ya kwanza hatua 21. Baada ya wiki tatu, 13.

Baada ya uwanja nikaanza kutoka. Uyole hadi Inyala na kurudi. Wiki iliyofuata Isyonje, kwenye ukungu na baridi, nyuma ya malori ya mpakani Kasumulu. Kisha Tukuyu, ambako mvua haina kalenda, nikalowa kama nilivyotaka nilowe, maana ni afadhali ujue koti lako linavuja ukiwa karibu na nyumbani. Kipimo changu kilikuwa cha jikoni: kama kesho yake mkono wa kushoto, ule wa klachi, hauwezi kusonga ugali, safari ile ilikuwa ndefu mno na siongezi kilomita wiki inayofuata.

Pia nenda ukapime macho. Mimi nilikuwa nasoma kibao cha njia nikiwa nimeshakipita. Na kama unameza dawa za presha, ziweke mfuko wa shati, siyo kwenye begi lililofungwa nyuma kwa mipira saba.

Fundi

Kila kitu kinachohitaji spana kimalizike wiki moja kabla, kisha ukiendeshe. Hili nalisema kwa uchungu. Fundi mmoja alinibadilishia tyubu ya nyuma jioni, kesho yake asubuhi nikaenda sokoni, nikasikia mkia wa pikipiki unacheza. Nati ya ekseli ilikuwa imekazwa kwa vidole tu. Ingekuwa ndiyo alfajiri ya safari, ningeigundua kwenye mteremko wa Inyala.

Tairi usilitazame meno peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Langu la mbele lilikuwa limeandikwa 2315, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2015. Meno yalikuwa mazuri, lakini nilipolikunja kwa kidole gumba nikaona nyufa ndogo ndogo kama za kisigino cha kiangazi. Nikalitoa.

Cheni ichezee sentimita 2 hadi 3 hapo katikati, na uipime tena mtu akiwa amekaa juu, kwa sababu uzito huibana. Ipake oili jioni ikiwa bado ya moto kutokana na mwendo, usiku inapenya. Ukipaka asubuhi ukaondoka, oili yote unaipeleka kwenye suruali.

Nilibeba hivi: tyubu moja ya mbele (kwa shida inaingia na nyuma, hukusogeza hadi kwa fundi), pampu ndogo, viraka na solushen, plagi na spana yake, waya wa klachi, kiungio cha cheni chenye klipu, spana namba 10 hadi 17, plaizi, na taa ya kichwani. Kufungua tairi pembeni mwa barabara nilijizoeza nyumbani mara mbili. Mjukuu alinipima kwa saa ya simu: dakika 70. Ya pili 45. Nililia kidogo ile ya kwanza, sitaki kudanganya.

Mzigo mzito ukae chini na karibu na mgongo wako, mwepesi ndiyo uende mwisho wa kerieri. Mipira ya tyubu iliyokatwa inabana kuliko kamba. Halafu kamata mzigo utikise: ikitikisika pikipiki nzima, umefunga, ukitikisika mzigo peke yake, rudia. Ncha yoyote inayoning'inia, ya mpira, ya kitenge, ya skafu, ifiche. Dada zangu tunaovaa kanga, mnajua gurudumu linavyoipenda kanga.

Hesabu ya saa

Basi hupiga hesabu ya kilomita. Mtu mzima kwenye pikipiki ahesabu saa. Kwenye vijiji ni 50 na matuta, kwenye mizani kuna foleni ya malori, na mwili unataka kushuka kila baada ya saa moja. Ukichanganya vyote, mimi nilipata wastani wa kilomita 42 kwa saa. Kwa hiyo Iringa ni mwendo wa saa saba na nusu, ukiacha kulala na kukwama njiani, hata kama sahani ya spidi ilionyesha 70 muda mwingi.

Nilichagua Septemba: mvua bado, na baridi ya Juni na Julai imelegea. Kumbukeni huku kwetu Julai jua halichomozi mpaka karibu saa 1 kamili. Anayekwambia mwondoke saa 11 alfajiri anakualika kwenye giza na ukungu pamoja na madereva waliokesha. Niliondoka saa 1.

Vituo vyangu vilikuwa Chimala, Igawa, Makambako, Nyololo, Mafinga na Ifunda. Makambako ndiyo nusu ya njia, na ndipo nilipoweka uamuzi: nisipofika pale kabla ya saa 7 mchana, nalala pale. Uamuzi huo niliuandika kwenye karatasi siku tatu kabla, nikiwa nimeshiba na sina haraka, kwa sababu mtu aliyechoka hana akili ya kujiamulia kupumzika. Mwanangu alikuwa na orodha ile ile. Nilimtumia ujumbe Chimala, Makambako na Mafinga, tukakubaliana kwamba asinipigie njiani kwa vyovyote, ila ujumbe ukichelewa kwa muda wa saa mbili aanze kuuliza.

Leseni yangu ilikuwa imekwisha zamani. Nilipoihuisha nilihakikisha daraja linalingana na pikipiki, maana A1 ni ya injini ndogo zisizozidi cc 125, na ya kwangu ni 150. Bima na kadi ya pikipiki nilizitoa nakala, moja mfukoni, moja kwenye begi.

Mavazi siyo jambo la maduka makubwa. Jaketi zito la ngozi nililipata kwenye mitumba ya Sido, Mbeya mjini. Chini yake gazeti kifuani, la zamani, kurasa kama sita. Glovu za sufu, na mvua ikija unavaa juu yake zile za mpira za kuoshea vyombo, saizi kubwa. Wanacheka. Acha wacheke. Kofia ngumu tu ndiyo nilinunua mpya, kwa sababu iliyotumika huwezi kujua ilishaanguka wapi.

Njiani

Mteremko wa Inyala unaujua kila mtu wa Mbeya, na malori yaliyoshindwa breki pale kila mtu anayo hadithi yake. Nilishuka kwa gia ya tatu, injini ikishikilia, na nilikataa kukaa katikati ya malori mawili. La nyuma likikukaribia, toa indiketa, sogea pembeni, simama, lipite. Dakika mbili hizo utazikuta Igurusi zinakusubiri.

Trela linalokuja mbele yako lina pigo mbili za upepo: kwanza linakusukuma, kisha linakuvuta. Usikaze mabega. Bana tenki kwa magoti, mikono ilegee, pikipiki itajirekebisha yenyewe.

Ukifika Chimala utakuwa umeteremka mita mia kadhaa na joto la Usangu litakushawishi uvue jaketi ulifunge chini ya mzigo. Lifunge juu. Kutoka Igawa unaanza kupanda tena, na upepo wa Makambako unakupiga ubavuni hata jua likiwaka.

Kati ya Igawa na Makambako ndipo mafuta yaliponiishia, tena kwa aibu, kwa sababu tenki nililijaza. Ni kwamba mara ya mwisho nilipoishiwa mjini niligeuza koki ya mafuta kwenye rizavu, yaani akiba ya chini ya tenki, nikajaza mafuta, nikasahau kuirudisha, kisha wiki nzima nikazunguka bila kujaza tena. Tenki "nililolijaza" lilikuwa la Jumatatu iliyopita. Rizavu ilishakunywewa kimya kimya. Kijana wa bodaboda akasimama, akanipa shikamoo, akaniambia, "Mama, kaa tu, shika usukani." Akaweka mguu kwenye pikipiki yangu akanisukuma akiwa juu ya yake, mpaka palipokuwa na mafuta. Kwa hiyo: ukijaza, mkono uguse koki kabla haujagusa pochi. Na jaza asubuhi ile ile.

Makambako nilifika saa 6 kasoro. Nilisalimiwa "kamwene", nikaitikia, nikanywa chai mbili za tangawizi na vitumbua, nikalala kwenye benchi dakika 20 buti zikiwa miguuni. Usile ugali mkubwa hapo. Usingizi utakukuta Nyololo. Na kuanzia huko utakutana na ulanzi, pombe ya mianzi. Ni mtamu, najua. Utaukuta hata siku nyingine ukiwa huna funguo mfukoni.

Mambo ya haja ndogo wanaume hawayaandiki kwa sababu wao kichaka chochote kinatosha. Akina mama, vituo vya mafuta vikubwa na migahawa ya mabasi ina vyoo. Vitieni kwenye ratiba, na msiache kunywa maji kwa kuogopa kushuka. Mimi niliacha, na Mafinga kichwa kikawa kinagonga.

Kutoka Mafinga ni magari ya mbao na magogo kutoka msitu wa Sao Hill. Magogo hayo hudondosha maganda kwenye kona, na ganda la msonobari lililolowa linateleza kama la ndizi. Punguza kabla ya kona, siyo ndani yake. Hapo ndipo pia nilipoanza kukosea: indiketa niliisahau ikiwaka kilomita nzima, tuta moja sikuliona kabisa. Makosa madogo mawili mfululizo kwangu ni amri ya kushuka. Nilishuka Ifunda nikatembea kuizunguka pikipiki mara kumi nikihesabu kwa sauti, watoto wa shule wakinitazama.

Tosamaganga nilifika saa 10 kasoro robo. Kabla ya kuvua buti nilipaka cheni oili ikiwa ya moto, nikakagua nati ya ekseli, nikamtumia mwanangu ujumbe. Nilikuwa nimejipangia siku mbili za kukaa, na zilihitajika zote, maana siku ya pili ndiyo mwili unaleta ankara. Kushika kikombe ilikuwa kazi. Asubuhi ile dada, mwenye miaka 66, alitoka nje akiwa amevaa koti la kanisani na kilemba kikali, akasimama kando ya pikipiki akaniuliza kama tunakwenda Kalenga sasa hivi au baada ya chai. Ikabidi nimweleze kwamba kofia ngumu ni moja. Alinuna mpaka jioni.