Mbolea ya broila: ipike kwanza (iozeshe kwa joto lake yenyewe), ndipo uitie kwenye mchicha

Kila wiki naulizwa: "Nimezoa banda leo, naweza kutia kwenye sukuma?" Hapana. Kinyesi cha kuku chaweza kubeba bakteria wa kuharisha, Salmonela, Kampilobakta na E. koli, na kuku wenyewe ukawaona wazima kabisa. Mchicha tunaoupeleka soko la Kongowea umeota chini hapo hapo, na dania huliwa mbichi kwenye kachumbari. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Kuku wakishauzwa, zoa maranda yote yaliyochanganyika na kinyesi; ndiyo mbolea yenyewe. Vaa buti na glavu, funga pua na mdomo.

2. Chagua mahali palipoinuka, mbali na kisima, maji ya mvua yasipopita.

3. Debe moja la mbolea kwa madebe mawili ya majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa. Nyunyiza maji, kisha finya konzi moja. Yakitokeza matone mawili matatu baina ya vidole, yatosha. Yakichuruzika, ongeza majani.

4. Rundika mita moja kwenda juu na upana hivyo hivyo, au zaidi. Fungu dogo halishiki joto.

5. Kugeuza. Hapa ndipo nilipoharibu. Fungu langu la kwanza lilitoa mvuke asubuhi, nikafurahi. Nikaligeuza mara moja tu, na baada ya wiki tatu nikaitandaza kwenye dania iliyokwisha kumea. Kati palikuwa pamepikika kweli, pana weupe kama majivu. Lakini nje, kina cha shubiri moja, palikuwa baridi na panuka banda vile vile. Nikavichanganya vyote, tena kwa beleshi la bandani. Wiki ile wanangu wawili waliharisha siku tatu, mdogo akalazwa akatiwa maji.

Basi sikilizeni. Joto la kati lifike nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi, lidumu siku 15, na ndani ya siku hizo geuza angalau mara tano, ya nje iingie ndani. Nunua kipimajoto kirefu, mkono haupimi. Likipita 70, geuza upesi, maana hata vijidudu vinavyoipika vitakufa. Beleshi la mbichi lisiguse iliyoiva. Na ukimwaga ndoo moja tu ya kinyesi kipya juu yake, umerudi siku ya kwanza.

6. Funika turubali, iache mwezi mmoja na zaidi. Iliyoiva hunuka udongo.

MASWALI

Mtwapa: Kwani ni siku ngapi?
— Hatua ya 5.

Likoni: Mimi huanika juani siku tatu hadi ikauke. Jua si linaua?
— Hapana, shekhe. Jua lapiga juu tu, na Salmonela hustahimili ukavu miezi. Tena ikikauka hivyo, vumbi lake lapeperukia mboga.

Shanzu: Mimi nina letusi. Babu yangu alimwaga mbichi miaka yote, hakuumwa mtu.
— Babu yako alipanda mahindi, na mahindi hupikwa. Wewe umesema una letusi. Sheria ya kilimo hai ya Marekani yataka mbichi itiwe siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo, 90 kwa isiyogusa. Letusi yako haikai shambani hata nusu ya siku hizo.

Kisauni: Kaka, samahani. Vifaranga wangu niliwapa antibiotiki, oksitetrasaiklini, kwenye maji. Yaenda wapi ile dawa?
— Swali zuri sana, dada. Sehemu yake hutoka na kinyesi, na bakteria waliozoea dawa hutoka nacho. Joto la hatua ya 5 huwaua walio sugu kama wengine. Mabaki ya dawa hupungua, lakini si yote yanayoisha. Kwa hiyo dawa isiwe ya kinga kila kundi. Mwite daktari wa mifugo kwanza. Fungu la kundi lililotibiwa mimi hulitia kwenye minazi.

Kisauni: Na jirani ataka maranda awalishe ng'ombe.
— Mkatalie. Kuku mmoja aliyefia humo akaozea atosha kuwapa ng'ombe botulizimu, wakalegea miguu wakafa. Mizoga izike mbali, usiiache kwenye maranda.