Kupima utendaji wa mtu mwenye goti lililosagika: nnavyofanya mimi

Kumuuliza mgonjwa "goti vipi leo" halafu ukaandika "anaendelea vizuri", hicho sio kipimo jamani. We tafuta namba ambayo baada ya wiki kadhaa za mazoezi utailinganisha na ya mwanzo. Mashine hazihitajiki, ni kiti, stopwochi ya simu, tepu na ngazi tu.

Hatua ya 1. Anza na dodoso kabla hajachoka. Dodoso liitwalo WOMAC lina maswali 24, na 17 kati ya hayo ni ya shughuli za kila siku. Lingine, KOOS, lina 42, alama ni 0 mpaka 100 na 100 ndo goti lisilo na shida. Ajibu mwenyewe, sio aliyemsindikiza.

Hatua ya 2. Kusimama na kukaa kwa sekunde 30, na hapa ndo wengi wanaboronga. Kiti kiwe na urefu wa kama sm 43, kiegemee ukuta kisiteleze, mikono aikunje kifuani, akinyooka kabisa ndo unahesabu moja halafu anakaa kweli kweli sio kugusisha tu. Muda ukiisha na keshavuka nusu ya kusimama, mpe hiyo. Akishindwa hata mara moja bila kujishika andika 0, usimwonee huruma, kisha rudia akiwa anajishika na uandike pembeni kwamba alijishika, manake ukichanganya hizo mbili siku ya kulinganisha utajidanganya mwenyewe.

Hatua ya 3. Mita 40 kwa mwendo wa haraka. Chora mistari miwili iliyoachana mita 10, na mita 2 nje ya kila mstari weka koni ya kugeukia. Anapita mara nne, haraka anavyoweza ila asikimbie, na stopwochi unaisimamisha kila akivuka mstari kwenda kugeuka, unaiwasha tena akirudi kwenye mstari, kwa sababu kugeuka hakuhesabiwi. Gawanya 40 kwa sekunde: akitumia 32 ni mita 1.25 kwa sekunde. Fimbo ruksa, ila iandikwe.

Hatua ya 4. Ngazi, pima sekunde za kupanda na kushuka. Kushika reli poa, we kaa karibu naye, na andika idadi ya vipandio. Ngazi zingine zikiwa na idadi tofauti usilinganishe.

Hivi vitatu vya kutenda ndo OARSI, chama cha kimataifa cha watafiti wa kusagika kwa viungo, walivitaja 2013 kama kiwango cha chini kabisa cha kupima. Kizunguzungu au kifua kikibana, acha hapo hapo.

Baada ya kila kimoja uliza maumivu 0 mpaka 10. Usishangae dodoso na stopwochi vikipingana, dodoso linafuata sana maumivu. Aliyebadilishiwa goti, wiki za mwanzo anaweza kukwambia yuko afadhali huku mwendo wake umeshuka kuliko kabla ya operesheni, na wote wawili, yeye na stopwochi, wako sahihi. Kwa hiyo andika vyote, na siku ya kurudia iwe kiti kile kile, viatu vile vile, na kama alikuwa amemeza dawa ya maumivu basi na safari hii awe amemeza.