Kabla hujaniletea picha ya mlima nikutilie fremu, itazame hivi

Mimi ni fundi fremu, nipo Mwananyamala, Dar es Salaam. Kwa siku napokea picha za harusi, vyeti vya kuhitimu, aya za Kurani za rangi ya dhahabu, Yesu akibisha hodi mlangoni, na mandhari: mlima wenye theluji, ziwa, miti mirefu. Hizi za mwisho zamani nilizitazama kwa futi kamba tu. Pima, kata, gundi, mteja mwingine.

Mwaka juzi mwalimu mmoja mstaafu wa baiolojia aliniletea mlima aliouchapisha steshenari, inchi 24 kwa 43. Fremu niliyokuwa nayo tayari ilikuwa 24 kwa 36. Nikatazama upande wa kulia, kuna miti mizuri, nikaionea huruma. Kushoto nikaona vichaka na shina la mti, basi nikazikata inchi saba zote za huko. Mwalimu alipokuja kuchukua mzigo wake akavaa miwani, akanyamaza, kisha akasema, "Binti, umenikatia jina la mchoraji." Nikakichomoa kile kipande kwenye takataka. Kweli bwana. Kwenye gome la mti uliopigwa na jua mchoraji alikuwa ameandika jina lake na mwaka, kama kijana anayechonga jina la mpenzi wake kwenye mwembe.

Nikachapisha nyingine kwa hela yangu, nikamwomba anifundishe kuitazama. Alinifundisha kwa wiki mbili, kila alasiri, kwa chai ya rangi na kashata. Haya ndiyo niliyoyapata, na mengine nimeyaongeza mwenyewe.

Kwanza pata picha yenyewe. Inaitwa The Heart of the Andes, yaani Moyo wa Andes, safu ya milima ya Amerika ya Kusini, ya mwaka 1859, mchoraji Frederic Edwin Church, Mmarekani. (Jina hilo la mwisho kwa Kiswahili ni Kanisa. Mwalimu alilichekea peke yake kwa muda mrefu.) Iko Metropolitan Museum, jumba la makumbusho la New York, na kwenye tovuti yao unaipakua bure, kubwa, safi. Usiichukue kwenye kundi la WhatsApp, maana huko picha inabanwa mpaka majani yanageuka mlenda. Kama bando lako ni la kuhesabu, tafuta Wi-Fi.

Ujue pia ukubwa wa ile ya asili: sentimita 168 kwa 303. Hizo 303 ni karibu futi kumi, yaani ukuta mzima wa chumba cha kupanga. Kwenye simu unaitazama kupitia tundu la ufunguo, kwa hiyo usiwe na haraka.

Sasa chukua karatasi ya manila, ikunje bomba la upana wa kidole gumba, ufumbe jicho moja. Usicheke. Picha hii ilipoonyeshwa New York, Aprili na Mei 1859, watu zaidi ya 12,000 walilipa senti 25 za dola kila mmoja, na wengi walikuja na darubini ndogo za kutazamia michezo ya jukwaani. Waliitafuta picha kipande kwa kipande, kama mtu anayechambua mchele. Mark Twain, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa Marekani, wakati huo akiendesha meli za mtoni, aliiona mjini St. Louis mwaka 1861. Akamwandikia kaka yake kwamba mara ya kwanza unatamani kuipa mgongo, lakini ukirudi tena na tena akili inaishiwa pumzi. Mimi iliniishia siku ya nne.

Anzia chini. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakimbilia theluji, wanasema "Mungu mkubwa", wanafunga simu. Weka bomba kwenye kona ya chini na utafute jani moja. Halafu la pili. Utaona hayafanani. Hili pana, lile limechanika, lile la kutambaa limeshika gogo. Church hakuchora "kijani". Alikwenda Amerika ya Kusini mara mbili, 1853 na 1857, akachora mimea na miamba huko huko kwa penseli na rangi, kisha akarudi New York na michoro yake na kuunganisha. Ndiyo, kuunganisha. Mahali panapoonekana hivyo hapapo. Ni vipande vya sehemu nyingi vimeshonwa kuwa shuka moja. Mwanzoni niliona ni udanganyifu. Mwalimu akaniuliza, "Na wewe ukimpamba bibi harusi kwa fremu ya maua, unadanganya?" Nikanyamaza, ingawa bado sijakubali sana.

Ukishazoea majani, panda kidogo kidogo. Chini joto na msitu mnene, katikati uwanda na maji, juu yake miteremko mikavu, kule mwisho barafu ya Chimborazo, mlima wa Ekwado wenye mita 6,263. Mpangilio huo Church aliusoma kwenye vitabu vya mwanasayansi wa Kijerumani, Alexander von Humboldt, aliyeupanda mlima huo mwaka 1802 bila kufika kileleni. Humboldt alionyesha kwamba ukipanda mlima wa nchi za joto unapita mimea ya namna mbalimbali, tabaka juu ya tabaka, kadiri baridi inavyozidi. Pia aliwahimiza wachoraji waende huko wakaione. Kama umetoka Kilimanjaro huhitaji kufundishwa: migomba na kahawa, msitu, vichaka vya baridi, jangwa la mawe, barafu. Wateja wangu Wachaga wanaielewa picha hii kabla sijamaliza sentensi.

Sasa tafuta msalaba. Uko upande wa kushoto, mdogo mno, kando ya njia, na mbele yake kuna watu wawili. Mara ya kwanza niliutafuta dakika ishirini. Mbele zaidi, katikati ya uwanda, kuna kijiji na kanisa ambalo ukitafuta njia ya kulifikia huioni. Ukiupata msalaba usishangilie ukaondoka. Rudi kwenye lile jani ulilolianzia, ujiulize kwa nini mtu yule yule alivichora vyote viwili kwa uangalifu ule ule.

Wengi wa zama zake waliamini maumbile ni kitabu cha pili cha Mungu, na ukikosea jani umekosea herufi. Hapo mimi sikuhitaji mwalimu. Kwetu Waislamu neno ni lile lile: aya ni mstari wa Kurani, na aya ni ishara, mvua, mlima, usiku kufuatwa na mchana. Nimezitia fremu aya za aina ya kwanza miaka kumi na moja bila kufikiri kwamba zile za mandhari huenda ni za aina ya pili.

Kuna jambo la tarehe. Church alitaka picha hii ipelekwe Berlin mzee Humboldt aione. Humboldt akafariki tarehe 6 Mei 1859, wakati watu bado wanapanga foleni New York. Novemba mwaka huo huo Charles Darwin, mwanasayansi wa Kiingereza, akachapisha kitabu chake kuhusu asili ya viumbe, na msitu ule ule ukaanza kusomwa kama mahali pa kugombania kuishi. Nilimuuliza mwalimu yeye anasimama wapi. Akasema, "Nimefundisha mageuzi ya viumbe miaka thelathini na Jumapili naimba besi." Akamimina chai iliyobaki.

Ukitaka zoezi la pili, tafuta The Oxbow ya mwaka 1836, ya Thomas Cole, aliyemfundisha Church. Kushoto dhoruba na pori, kulia mashamba na mto uliojikunja. Mtafute mchoraji mwenyewe, kichwa chenye kofia katikati ya vichaka. Kilima cha nyuma kina alama za miti iliyokatwa, na wapo wanaozisoma kama herufi za Kiebrania. Mimi nimegeuza simu mpaka shingo ikaniuma, nikaona shoka tu. Cole mwenyewe aliyalalamikia mashoka mwaka ule ule. Asiowatetea humo ni wenyeji wa asili wa Amerika, waliokuwa wakihamishwa kwa sheria ya mwaka 1830. Pori lake ni tupu mno kwa nchi iliyokuwa na watu.

Kisha toka nje. Nenda Coco Beach asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, na bomba lako la manila. Anzia chini tena: yale mawe yaliyotoboka-toboka ni matumbawe ya kale, yaliwahi kuwa hai chini ya bahari. Tazama jiwe moja mpaka uone umbo la kiumbe ndani yake, chora hata vibaya, ndipo uinue macho. Ukienda Jumapili huenda ukakuta watu wa nguo nyeupe wanabatizwa mbele ya mawe hayo hayo.

Ukimaliza, niletee picha. Church aliitengenezea yake fremu ya mbao ya rangi ya giza, kama dirisha, ikawekewa na mapazia, kwa hiyo usiniombe plastiki ya dhahabu. Mninga unatosha. Niambie pia dirisha la sebuleni kwako liko upande gani, tuitundike mahali ambapo mwanga wa chumba unatokea upande mmoja na mwanga wa ndani ya picha. Tazama vivuli vya miti, vitakuonyesha. Na usiniambie nipunguze iingie kwenye fremu iliyopo; nitakutengenezea ya inchi 43, siku tatu.

Kile kipande cha inchi saba nimekibandika juu ya msumeno. Wateja wanauliza nani aliyechonga jina kwenye mti.