Kupaka rangi upya mabehewa ya treni ndogo kwenye hewa ya Unguja

Treni ya Bububu, iliyoanza 1905 kutoka Ngome Kongwe, haipo tena. Yangu inatembea juu ya meza ya ukumbini. Ni ya kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87: behewa la mita 20 linakuwa na sentimita 23, na mtu mzima hupata kama sentimita 2. Mabehewa yakitoka kiwandani yanang'aa kama sahani za plastiki, ndiyo maana nayapaka upya.

Anza kwa kulifungua behewa. Toa bogi (fremu za magurudumu), paa, vioo na viti, skrubu zitie kwenye kifuniko cha chupa zisipotee.

Kutoa rangi ya zamani natumia spiriti ya isopropili. Ijaribu kwanza chini ya behewa, pasipoonekana. Plastiki isipodhurika, loweka saa chache ndani ya chombo chenye kifuniko, kisha sugua kwa mswaki laini. Fungua madirisha, na kaa mbali na jiko la mkaa. Thina ya gari usiiguse kabisa; plastiki italainika kama halua. Osha kwa sabuni, acha likauke, na kuanzia hapo vaa glavu, maana mafuta ya vidole huifanya rangi isishike.

Sasa hewa, adui wa fundi wa kisiwani. Masika moja nilipuliza rangi kwenye paa jioni, mvua imetoka kunyesha. Asubuhi nikalikuta limefanya utando mweupe, kama kioo kilichopumuliwa. Unyevu ulinaswa ndani ya rangi. Nikapiga msasa laini, nikaanza upya. Siku hizi napuliza wakati wa Kaskazi, saa nne asubuhi, jua limeshakausha ukumbi.

Praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi, itangulie, nyembamba. Itakuonesha mikwaruzo uliyoikosa. Halafu rangi ya mwangaza kabla ya iliyokoza. Langu ni krimu juu, kijani chini (nimejichagulia mwenyewe). Puliza tabaka tatu nyepesi, usipige moja nzito, kwani nzito huziba mistari ya mbao na vichwa vya misumari.

Krimu ikae siku nzima au mbili. Mstari kati ya krimu na kijani ndio unaomtambulisha fundi; krimu hufunikwa kwa tepu. Ukingo wa tepu umeshakusanya vumbi dukani, kwa hiyo bandika tepu juu ya kioo, ukate ukingo mpya kwa wembe. Ibandike kwenye behewa, ikandamize kwa kijiti cha meno mpaka izame kwenye kila kifereji. Kisha, kabla ya kijani, puliza krimu tena juu ya ukingo. Kama ipo nafasi, itakayopenya ni krimu juu ya krimu, na hakuna atakayeiona. Kijani kikishika lakini hakijakauka kabisa, bandua taratibu, tepu ukiikunja iende nyuma.

Herufi za kubandika kwa maji zinataka vanishi ya kung'aa chini yake. Bila hiyo hewa hubaki chini ukaona weupe. Vanishi isiyong'aa ifuate. Bogi zipake rangi ya kutu.

Vioo na abiria ni mwisho. Mmoja nimemvika buibui, mwengine kanzu na kofia. Kanzu ipake krimu: nyeupe tupu, kwa udogo ule, inaonekana kama taa imewashwa ndani ya behewa.